Kisafisha Hewa cha Ayoni: Dalili za Hitilafu, Visababishi Vyake na Namna ya Kuzirekebisha

Kazi ya kisafisha hewa cha ayoni ni kuhamisha uchafu. Unatoka hewani, ambako watu wanauvuta mapafuni, unakwenda kukaa mahali unapoweza kufutwa kwa kitambaa. Karibu kila hitilafu ninayoitwa kuitazama huanzia pale mwenye mashine anapodhani kwamba uchafu umekwisha, kumbe bado umo nyumbani mwake, umehama makazi tu. Kwa hiyo, kabla ya kuifuata dalili yoyote kati ya zinazoelezwa hapa, ni vyema kwanza kuifahamu safari ya chembe moja ya vumbi ndani ya mashine hii.

Ndani yake mna sindano nyembamba, au waya uliovutwa ukakazwa, unaopewa umeme wa volti elfu kadhaa, kwa kawaida wa upande hasi. Kwa kuwa ncha ni kali mno, nguvu ya umeme hujikusanya mahali padogo sana, na elektroni hutoka pale na kunata kwenye molekuli za oksijeni za hewa inayopita. Molekuli zilizobeba elektroni ya ziada ndizo tunazoziita ayoni hasi. Ayoni hizo zikikutana na chembe za vumbi, moshi au chavua huzigawia chaji, na chembe iliyopata chaji huanza kuvutwa na chochote chenye chaji ya kinyume au kilichounganishwa na ardhi. Mashine ikiwa na mabamba ya chuma ndani yake, chembe hukamatwa hapo. Isipokuwa nayo, chembe hujishikiza ukutani, kwenye pazia, juu ya kabati na hata kwenye nguo za waliomo chumbani. Maarifa haya ni ya zamani: Frederick Gardner Cottrell, mkemia wa Chuo Kikuu cha California, alipata hataza mwaka 1908 kwa chombo cha kunasa ukungu wa asidi wa viwandani kwa njia hii, na hadi leo mitambo mikubwa ya kuchoma makaa ya mawe hunasa majivu yake kwa kanuni ileile.

Tazama basi mashine yako ni ya aina gani. Ipo ya sindano tupu, isiyo na mabamba na mara nyingi isiyo na feni. Ipo ya mabamba yanayochomolewa na kuoshwa. Ipo pia ya chujio la HEPA, yaani chujio zito la nyuzi linalonasa chembe ndogo sana, ambayo ayoni zake ni nyongeza tu inayowashwa na kuzimwa kwa kitufe chake. Dalili moja inaweza kuwa na kisababishi tofauti katika kila aina.

Mashine inawaka, lakini vumbi na moshi havipungui

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na mara nyingi kosa halimo ndani ya mashine. Nyumba nyingi za pwani yetu zimejengwa ili zipumue: madirisha ya vioo vya kukunja, wavu wa mbu, matundu ya hewa juu ya madirisha, na uwazi wa kidole kizima chini ya mlango. Chumba cha namna hiyo hupata hewa mpya ya nje kwa wingi kila saa, na kama nje kuna barabara ya vumbi au jirani anachoma taka, mashine ndogo haiwezi kuishinda kasi ya uchafu unaoingia. Funga madirisha na mlango kwa saa moja, ziba uwazi wa chini kwa kanga iliyokunjwa, kisha upime upya. Hali ikibadilika, basi tatizo lilikuwa chumba.

Linalofuata ni suala la ukubwa. Kwenye lebo au kijitabu cha mashine tafuta kipimo kinachofupishwa CADR, yaani wingi wa hewa iliyosafishwa ambayo mashine inaitoa, kwa kawaida kwa mita za ujazo kwa saa. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye dari ya mita 3: ujazo wake ni mita za ujazo 42. Ukitaka hewa yote isafishwe mara 5 kwa saa, unahitaji mashine yenye CADR ya 210. Zile ndogo za kuchomeka moja kwa moja ukutani, zinazouzwa kwa ahadi ya mamilioni ya ayoni, kwa kawaida hazitaji kipimo hiki kabisa, na idadi ya ayoni haikuambii ni hewa kiasi gani inasafishwa. Mashine isiyo na feni hutegemea hewa ijiendee yenyewe, nayo hewa ya chumba kilichofungwa huenda polepole mno. Jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima mashine moja mashuhuri ya aina hiyo, yenye umbo la mnara, mwaka 2003 na kutoa hukumu kwamba haikusafisha vya kutosha. Mtengenezaji alikwenda mahakamani, na kesi yake ikatupwa mwaka 2004. Kwa hiyo, kama mashine yako haina feni na matokeo yake ni hafifu, usitafute kilichoharibika. Inafanya kadiri ilivyoumbwa kufanya.

Ikiwa chumba kimefungwa vizuri na mashine ni ya kutosha, sasa tunakwenda kwenye mabamba. Bamba lililofunikwa na tabaka la vumbi hupoteza mvuto, kwa kuwa vumbi lenyewe linageuka kuwa pazia kati ya chuma na chembe mpya. Katika nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, wiki mbili zinatosha kulifikisha bamba huko, hata kama kijitabu kinasema lioshwe kila mwezi. Zima mashine, chomoa plagi, subiri dakika kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, ndipo uchomoe mabamba. Yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, yasuuze, kisha uyaache kivulini hewa ipite kwa saa 24 kamili. Wakati wa masika huwa naongeza siku ya pili, na tutaona sababu yake hivi punde.

Mabamba yakiwa safi na hali bado ni ileile, chunguza sindano. Wakati fulani niliitwa kuitazama mashine iliyokuwa imewekwa juu ya meza ya kujipambia, Dar es Salaam. Feni ilizunguka vizuri, taa ya bluu iliwaka, mabamba yaling'aa kama sahani mpya. Nilipomulika sindano kwa tochi na kuzitazama kwa kioo cha kukuzia, kila ncha ilikuwa imeota manyoya meupe laini, mfano wa ukungu wa mkate, marefu kupita unene wa sindano yenyewe. Hilo halikuwa vumbi la kawaida. Mafuta na dawa nyingi za nywele zina silikoni; mvuke wake ukifika kwenye ncha yenye umeme mkali hugeuka kuwa silika, ambayo ni jamii moja na mchanga, na kujijenga hapo kidogokidogo mpaka ncha inakuwa butu. Ncha butu haitoi ayoni. Manyoya hayo hayatoki kwa kupulizwa. Yanahitaji pamba za masikio zilizochovywa kwenye spiriti, au mswaki laini mkavu, kwa mkono mwepesi ili sindano isipinde. Baada ya kusafisha niliihamishia mashine upande wa pili wa chumba, mbali na chupa zile, na sikuitwa tena.

Ukitaka kujua kama ayoni zinatoka, subiri usiku, zima taa, acha macho yazoee giza kwa dakika tano, kisha utazame kwenye ncha kupitia matundu ya mbele bila kugusa kitu. Sindano isiyo na kasoro huonyesha nukta ndogo ya mwanga wa zambarau. Njia ya pili ni ya moshi. Washa kijiti cha udi katika chumba kilichofungwa kwa nusu dakika, kizime, kisha umulike tochi kwa upande ili uuone moshi uliobaki ukielea katika mwanga. Mashine ikiwa imezimwa, utauona ukining'inia kama uzi kwa muda mrefu. Rudia siku nyingine mashine ikiwa inafanya kazi: uzi ule unapaswa kukatika na kupauka upesi zaidi. Ukimaliza, fungua madirisha, kwa sababu moshi wa udi, pamoja na utamu wake wote, nao ni moshi.

Mashine inatatarika au kutoa cheche

Mlio wa kutatarika, kama chumvi iliyomwagikia mkaa, ni umeme unaoruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye bamba kwa sababu umepata daraja. Daraja hilo kwa kawaida ni moja kati ya vitu vitatu: mabamba yaliyorudishwa kabla ya kukauka, mdudu aliyekwama, au uzi wa vumbi uliosimama kati ya waya na bamba. Mlio mmojammoja baada ya muda mrefu si wa kuogopwa. Ukiwa mfululizo, zima, chomoa, kausha na usafishe. Ukiendelea hata baada ya hapo, tazama kama waya umelegea au bamba limepinda, maana umbali ukipungua kwa milimita chache tu umeme unaruka.

Wakazi wa pwani wana adui wa ziada, nayo ni chumvi. Hewa ya baharini huacha utando mwembamba wa chumvi juu ya plastiki inayoshikilia waya, na utando huo ukinyonya unyevu wa masika hugeuka kuwa njia ya umeme. Dalili yake ni mashine inayotatarika alfajiri, hewa inapokuwa na unyevunyevu, na kunyamaza mchana. Futa plastiki hiyo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji safi na kukamuliwa, kisha kwa spiriti, na uache ikauke kabisa. Usilifungue kasha la ndani lenye vifaa vya kuzalisha umeme mkali, hata kama una bisibisi na moyo wa ujasiri. Hiyo ni kazi ya fundi aliyezoea umeme wa aina hiyo.

Chumba kina harufu kali, koo linawasha

Harufu ile inayosikika baada ya radi, au kando ya mashine kuukuu ya fotokopi iliyofanya kazi mchana kutwa, ni ya ozoni. Wapo wauzaji wanaoiita harufu ya usafi, na jambo hili linaniuma, kwa kuwa nimekuta mashine inayotoa harufu hiyo ikiwa imewekwa kando ya kitanda cha mtoto mwenye pumu. Ozoni ni oksijeni yenye atomi tatu badala ya mbili, na ile atomi ya tatu haitulii: inashambulia utando wa koo na mapafu, inaleta kikohozi na kubana kwa kifua, na inaamsha pumu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ozoni ya hewani isizidi mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 8. Jimbo la California nchini Marekani linazuia kuuzwa kwa kisafisha hewa cha nyumbani kinachotoa zaidi ya sehemu 50 za ozoni kwa kila sehemu bilioni za hewa, kiasi ambacho kwa hesabu kinakaribiana sana na kile cha Shirika.

Kila ncha yenye umeme mkali hutoa ozoni kidogo. Swali ni kiasi gani. Kiasi hupanda sindano zinapochafuka, umeme unaporuka cheche mfululizo, na mashine inapowekwa katika chumba kidogo kisicho na upenyo wa hewa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuzima na kufungua madirisha, ya pili kusafisha sindano na mabamba kama ilivyoelezwa juu, na ya tatu kuwasha tena na kupima kwa pua. Pua lakini ina udhaifu wake: huzoea. Toka nje robo saa, kisha urudi chumbani na uamini pumzi ya kwanza. Kuna na shahidi mwingine asiyezoea, nao ni mpira. Mpira wa kufungia karatasi uliosahauliwa karibu na mashine, ukiuvuta ukakuta umejaa nyufa ndogo ilhali mpira wa pakiti ileile uliokaa sandukuni ni mzima, umepata ushahidi mzuri, kwa sababu ozoni huupasua mpira wa asili.

Harufu ikibaki baada ya usafi, mashine yenye kitufe cha ayoni izimwe ayoni na iachwe ifanye kazi kwa chujio peke yake. Haitapoteza mengi, maana chujio la HEPA hunasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa mikromita 0.3 zinazopita ndani yake. Mashine isiyo na kitufe hicho iwekwe kando, isitumike. Na kama maelezo yake yanasema wazi kwamba inazalisha ozoni ili kuua vijidudu au kuondoa harufu, hiyo si ya kukaa chumba kimoja na mtu, mnyama wala ndege wa kufugwa. Anayenunua upya atafute alama ya UL 2998, inayotolewa kwa mashine ambazo ozoni yake haizidi sehemu 5 kwa bilioni.

Jambo moja zaidi, ambalo wengi hawalitarajii. Ukipiga deki kwa dawa yenye harufu ya limau au msonobari huku mashine inayotoa ozoni inafanya kazi, manukato hayo yanaungana na ozoni na kuzaa formaldehaidi pamoja na chembe ndogo mno. Mtu anaosha sakafu na wakati uleule anatengeneza uchafu mpya hewani. Zima mashine kabla ya kudeki, na uiwashe sakafu ikishakauka na harufu kuondoka.

Ukuta ulio nyuma ya mashine umekuwa mweusi

Dalili hii huwatisha watu wakadhani mashine inaungua. Haiungui. Ni masizi ya magari, mishumaa, koroboi na dawa ya mbu ya kuchoma, yaliyopewa chaji na kwenda kujibandika kwenye ukuta wa karibu, na kama ukuta ni mweupe, doa huonekana katika muda wa wiki chache. Kwa mashine ya sindano tupu hilo ni jambo la kawaida kabisa. Kwa mashine ya mabamba ni ishara kwamba mabamba yamejaa na chembe zinaponyoka. Isogeze mashine angalau nusu mita kutoka ukutani, na ufute doa kwa sponji yenye maji ya sabuni kabla halijazama kwenye rangi.

Hapa pia ndipo ufagio unapoharibu kazi ya usiku mzima. Vumbi lililotua sakafuni na juu ya makabati hurushwa tena hewani kwa ufagio mkavu. Katika chumba chenye mashine ya ayoni, tumia kitambaa kibichi au deki, anza juu ukishukia chini, na usisahau mapanga ya feni ya darini, ambayo hukusanya kwa kasi ya kushangaza.

Taa ya ubora wa hewa haitoki kwenye nyekundu

Kitambuzi kilichomo kwenye mashine nyingi ni mwale mdogo wa mwanga na jicho linalohesabu mng'ao wa chembe zinazoukatiza. Jicho hilo haliwezi kutofautisha moshi na tone la maji. Mvuke wa chungu, mvuke wa bafuni mlango ukiachwa wazi, marashi ya kupuliza, vyote huhesabiwa kuwa vumbi. Sogeza mashine mbali navyo na usubiri. Taa ikibaki nyekundu katika hewa kavu na tulivu, fungua kidirisha kidogo cha ubavuni na ufute lenzi kwa pamba kavu ya masikio.

Mashine haiwaki, au inazima yenyewe

Anza na mabamba: mashine nyingi zina swichi ya usalama inayokata umeme mabamba au kifuniko kisipokaa sawasawa, na mara nyingi hilo pekee ndilo tatizo. Kisha umeme wenyewe. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani imetengenezwa kwa volti 120, ilhali soketi za Tanzania na Kenya hutoa 230 hadi 240. Ikichomekwa bila transfoma ya kushusha, huungua mara moja. Kinyume chake, jioni umeme unapokuwa mdogo, feni inaweza kuzunguka polepole na ayoni zisitoke kabisa, kwa kuwa volti kwenye sindano imeshuka chini ya kiwango kinachoweza kuzitoa. Stabilaiza ndogo inatosha. Mshtuko mdogo unapogusa kitanda cha chuma au kitasa karibu na mashine, hasa chumba chenye kiyoyozi kikavu, unatokana na chaji iliyojilimbikiza. Sogeza mashine mita moja na uhakikishe kwamba soketi ina waya wa ardhi unaofanya kazi.

Watu wanaumwa kichwa ingawa mashine inafanya kazi

Dalili hii imekuja mwisho, lakini ndiyo pekee isiyoweza kusubiri. Ayoni hukamata chembe, hazikamati gesi. Moshi wa jiko la mkaa una masizi, ambayo mashine inaweza kuyapunguza, na una kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na ambayo inapita kwenye sindano, mabamba na chujio bila kuguswa. Hatari kubwa ni hiyo hasa: mashine inaondoa moshi unaoonekana, wenyeji wanaona hewa imetakata, wanafunga madirisha ili mashine ifanye kazi vizuri, na gesi inazidi kujaa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hewa iliyochafuliwa na kupikia majumbani ilihusishwa na vifo takriban milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Ikiwa zaidi ya mtu mmoja anaumwa kichwa, anahisi kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida, na nyumbani kuna jiko la mkaa, jenereta au hita ya gesi inayowaka, usianze kuikagua mashine. Watoe watu wote nje kwanza. Kisha fungua milango na madirisha, zima au toa nje kinachowaka ikiwa unaweza kufanya hivyo bila kukaa ndani, na umpeleke hospitali yeyote mwenye dalili hizo, hasa ambaye hajapata nafuu upesi au aliyepoteza fahamu hata kwa dakika moja, ukimweleza daktari kwamba kulikuwa na jiko la mkaa, jenereta au hita iliyokuwa ikiwaka ndani.